Kutoka Mfunguo Mosi hadi Shaabani: mwongozo kamili wa kudumisha ibada baada ya Ramadhani

Siku ya nne ya Mfunguo Mosi, yaani Shawwali, swala ya Alfajiri. Msikiti ambao wiki iliyopita ulijaa mpaka watu wakatandika mikeka barazani umebaki na safu moja, na ya pili haijatimia. Wazee ni walewale, na vijana wawili watatu. Msahafu uliokuwa mkononi kila baada ya Alasiri umerudi juu ya kabati, na utepe wake uko palepale ulipoachwa usiku wa ishirini na tisa. Hali hii huiona kila mwaka, na kila mwaka inaniuma, kwa sababu wengi wanaopotea safuni ni watu wanaojali. Walilia kwenye dua za kumi la mwisho. Walikusudia kwa dhati kubadilika.

Walichokosa ni mpango. Ramadhani inatushika kwa mambo mengi tusiyoyahesabu. Nyumba nzima inaamka kula daku, basi Alfajiri inakukuta macho. Kazini na mtaani watu wanajua umefunga, nawe unaona haya kutukana. Futari inawarudisha watu nyumbani kabla ya Magharibi. Tarawehe ina imamu, kazi yako ni kusimama nyuma yake. Mwezi wa Shawwali ukiandama, yote haya huondoka usiku mmoja, na mtu anabaki na nia yake peke yake. Nia tupu haimtoi mtu kitandani saa kumi na moja alfajiri.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kila kilichokuwa kinakusaidia Ramadhani, utaweka nini mahali pake? Na jibu lianze na kupunguza. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alisema amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa kidogo. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na nyote mmeisikia mimbarini. Ugumu ni kuiamini kiasi cha kuifanyia kazi, kwa sababu mtu aliyetoka kuswali tarawehe rakaa ishirini anaona aibu kujipangia witri, swala ya kufungia usiku, ya rakaa moja.

Kisa cha sahaba Abdullah bin Amr bin al-Aas kinanifundisha zaidi kuliko mawaidha mengi. Alikuwa kijana, anafunga kila siku, na kila usiku anakhitimisha Qur'ani. Mtume alipopata habari akamwambia mwili wako una haki juu yako, macho yako yana haki, mkeo ana haki. Funga siku tatu kila mwezi, na uikhitimishe Qur'ani mara moja kwa mwezi. Abdullah akasema ana uwezo wa zaidi. Akaongezewa, akaomba tena, mpaka akafika kwenye funga ya Nabii Daud, kufunga siku na kula siku. Alipozeeka na nguvu kumwishia akawa anasema: laiti ningeikubali ruhusa ya Mtume. Na ni Abdullah huyuhuyu aliyeambiwa na Mtume asiwe kama fulani, aliyekuwa akisimama usiku kisha akaacha. Jina la huyo fulani halikutajwa, na kila mmoja wetu anaweza kujiona ndiye.

Hatua ya kwanza: pima kwa siku yako mbaya

Fanya hivi ndani ya siku za Sikukuu, kabla moyo haujapoa. Chukua karatasi, uandike siku yako ngumu kuliko zote inavyokwenda. Usiandike Jumapili ya mapumziko. Kama ni muuguzi, andika siku ya kutoka zamu ya usiku. Kama unapika chapati za kuuza, andika siku ambayo umeamka saa tisa kukanda unga na mtoto ana homa. Kama ni dereva, andika siku ya foleni ambayo ulifika nyumbani saa nne usiku na mguu unauma. Halafu jiulize: katika siku hii, mbali na swala tano, ni ibada gani ningeiweza? Hiyo ndiyo iwe kiwango chako cha chini. Siku nzuri ongeza upendavyo, lakini ahadi yako na Mola wako iwe ile ndogo.

Ukitaka kiolezo, kipo. Abu Huraira (r.a.) amesema rafiki yake, yaani Mtume, alimuusia mambo matatu: kufunga siku tatu kila mwezi, rakaa mbili za dhuha, na kuswali witri kabla ya kulala. Tazama usia huu ulivyopangwa kwa mtu mwenye shughuli. Dhuha unaiswali wakati wowote tangu jua lipande kiasi cha mkuki mpaka kabla ya kupinduka. Ni dakika tano, na unaweza kuiswali nyuma ya duka. Witri haikungojei uamke usiku, unaiswali kisha unalala. Funga ni siku tatu tu kwa mwezi. Ongeza juu yake kurasa chache za Qur'ani, na una mpango kamili wa mwaka.

Mtu akiniomba ushauri, humwambia aanze na mawili tu kati ya hayo manne, witri na Qur'ani, na asiongeze la tatu mpaka Mfunguo Pili uishe.

Hatua ya pili: ilinde Alfajiri kabla ya sunna yoyote

Haina maana kupanga tahajudi, swala ya kuamkia usiku, ilhali Subhi, yaani Alfajiri, inaswaliwa jua limetoka. Faradhi kwanza. Na ukitazama vizuri, Alfajiri inapotea usiku, kwenye simu. Ramadhani tulilala kwa vipande lakini tuliamka kwa sababu palikuwa na chakula na palikuwa na watu. Basi rudisha hivyo viwili.

Watu: kubaliana na mtu mmoja, wa nyumbani au jirani, kwamba atakayeamka kwanza amgongee mwenzake mlango au ampigie simu mpaka apokee. Baba na mtoto wake, mke na mume, wapangaji wawili wa nyumba moja. Akina mama ndio waliokuwa wakiamsha nyumba nzima kwa daku, na mara nyingi baada ya Idd kazi hiyo wanaachiwa wao peke yao. Ni vizuri wanaume na vijana waipokee zamu.

Chakula: weka kitu cha moto kinachokungoja. Chai ya tangawizi iliyobaki kwenye chupa, tende mbili, kipande cha mkate wa mofa. Mwili ulizoea kula saa hiyo mwezi mzima, na kwa siku za mwanzo utakuamsha wenyewe ukiupa sababu.

Sisi tunaoishi Lamu, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam tuna neema tusiyoitambua. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, wakati wa Alfajiri hauyumbi hata saa nzima kwa mwaka, basi saa moja ya kulala na saa moja ya kuamka zinatosha miezi yote. Ndugu zetu wa London au Toronto wana hesabu nyingine. Mwezi wa Juni Isha inaingia usiku mwingi na Alfajiri inafika usingizi haujakolea. Huko panga usingizi vipande viwili, lala tena baada ya Subhi, na funga za sunna nyingi zipeleke Desemba, mchana unapokuwa mfupi.

Ukishaishika Subhi kwa jamaa, usidharau ulichopata. Amepokea Othman bin Affan (r.a.) kuwa mwenye kuswali Isha kwa jamaa ni kama aliyesimama nusu ya usiku, na akiswali na Subhi kwa jamaa ni kama aliyesimama usiku wote. Mzee wa mtaani asiyejua kusoma, ambaye mwaka mzima hakosi swala hizi mbili, ana jambo kubwa mkononi.

Hatua ya tatu: kurasa mbili kwa siku

Msahafu wa chapa ya Madina, ambao ndio umeenea misikitini kwetu, una kurasa 604. Ramadhani ulisoma juzuu kwa siku, yaani kurasa kama ishirini. Sasa soma mbili. Tangu Mfunguo Mosi hadi mwisho wa Shaabani ni miezi kumi na moja, kama siku 325. Kurasa mbili kwa siku zinamaliza msahafu kwa siku 302, na unabaki na siku zaidi ya ishirini za kuumwa, safari na misiba. Hiyo ni khitima moja kamili kabla Ramadhani haijarudi, kwa dakika zisizofika kumi kwa siku.

Dada zetu wanaofuata kauli ya kutosoma wakati wa hedhi wasome tatu katika siku za tohara. Hesabu inatimia vizuri, na siku za hedhi zibaki za dhikri, istighfari na kumswalia Mtume, ambazo hazina kizuizi chochote.

Zifunge kurasa hizo na swala moja isiyobadilika. Wengi huzifunga na Subhi, wasiinuke mswalani kabla ya kusoma. Wengine wanasoma baina ya Magharibi na Isha, wakati watoto wametoka chuoni. Chagua moja. Anayesema “nitasoma nikipata nafasi” huwa hasomi. Na msahafu uteremshe kabatini, ukae mahali pa heshima lakini karibu na mkono. Wa kwenye simu unafaa safarini. Nyumbani mimi naupendelea wa karatasi, kwa sababu hauleti ujumbe wa kundi la harusi katikati ya aya.

Kama hujui maana, mara moja kwa wiki soma tafsiri ya kurasa ulizopitia. Tafsiri za Kiswahili za Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani hazikosekani katika maduka ya vitabu vya dini. Na kama kusoma kwenyewe ni kwa kubabaisha, basi mpango wako wa mwaka huu uwe mwalimu, nusu saa mara mbili kwa wiki, badala ya khitima. Asomaye kwa taabu ana ujira mara mbili, hayo ni maneno ya Mtume mwenyewe.

Hatua ya nne: deni, kisha sita

Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) amepokea kuwa mwenye kufunga Ramadhani kisha akaifuatisha siku sita za Shawwali ni kama aliyefunga mwaka. Wanazuoni wanaifafanua kwa hesabu ya jema moja kulipwa kumi: siku thelathini zinakuwa mia tatu, sita zinakuwa sitini. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Pwani, bora ni kuziunganisha tangu siku ya pili ya mwezi. Lakini ukizitawanya Jumatatu na Alhamisi hadi mwezi uishe, sunna umeipata. Siku ya kwanza ya Idd ni haramu kufunga.

Swali linaloulizwa zaidi ni la kina mama: nina deni la siku saba nilizokula Ramadhani, nianze na lipi? Deni ni faradhi, na likiwa dogo lilipe kwanza, kisha sita, mwezi unatosha. Likiwa kubwa, mathalani mama aliyejifungua Ramadhani na anadaiwa mwezi wote, asijibebeshe yasiyowezekana. Bibi Aisha alikuwa hawezi kulipa deni lake mpaka ifike Shaabani, kwa hiyo muda upo. Kuunganisha nia mbili katika siku moja kuna khilafu, yaani tofauti, ya wanazuoni, basi muulize sheikh wako unayemwamini ufuate kauli moja utulie. Lisilo na nafasi ni kulisahau. Andika idadi ya siku nyuma ya mlango wa kabati, na ukate mstari kila ulipapo. Ramadhani nyingine ikiingia na deni halijalipwa bila udhuru, kwa Mashafi unalipa siku pamoja na mudi ya chakula, ujazo wa viganja viwili, kwa kila siku.

Na enyi waume, mke anapolipa deni Mfunguo Mosi ilhali nyumba nzima inakula pilau la Sikukuu, kaeni naye. Fungeni sita pamoja naye. Nyumba inayofuturu pamoja siku moja ya Alhamisi inarudisha sehemu kubwa ya Ramadhani bila hotuba yoyote.

Hatua ya tano: sahani isikatike

Mwezi mzima sahani zilivuka kutoka nyumba hii kwenda ile: kaimati, viazi vya nazi, uji wa pilipili manga. Kisha mlango ukafungwa. Abu Dharr (r.a.) aliusiwa na Mtume: ukipika mchuzi zidisha maji yake, uwaangalie jirani zako. Hapakutajwa Ramadhani. Chagua siku moja ya wiki, pika zaidi kidogo, umtume mtoto na bakuli kwa mjane wa nyumba ya tatu. Mtoto anayetumwa anajifunza kutoa kabla hajajua neno sadaka.

Kwa fedha, tenga kiasi kidogo kila Ijumaa, hata shilingi mia tano za Tanzania, au kumi za Kenya, kwenye kopo, au zitenge za mwezi kwa simu siku ileile mshahara unapoingia, kabla ya matumizi mengine. Kubwa la mara moja tulilitoa kumi la mwisho. Sasa tunataka la kila wiki.

Hatua ya sita: ulimi

Hapa ni pafupi kwa sababu hapana siri. Ulijizuia kusengenya mwezi mzima kwa kusema “nimefunga”. Baki na zuio hilo. Toka kwenye makundi ya simu yaliyokuwa kimya Ramadhani kisha yakarudi na picha na umbea. Huhitaji kumuaga mtu.

Hatua ya saba: jua mapema utafanya nini ukikosa

Utakosa. Utaumwa malaria, utasafiri kwa basi usiku kucha, utafiwa. Wanaoacha kabisa wengi wao huacha kesho yake. Wamekosa usiku mmoja, shetani akawaambia ulikuwa unafiki tu, nao wakaona aibu kurudi. Dini yetu imeliwekea jambo hili dawa mahsusi, na inanishangaza tunavyoizungumza kidogo.

Ukipitwa kwa usingizi na uradi wa usiku, yaani kisomo au ibada uliyojiwekea, Umar bin al-Khattab (r.a.) amepokea kuwa anayeusoma baina ya Alfajiri na Adhuhuri huandikiwa kama aliyeusoma usiku. Mtume mwenyewe, akizidiwa na usingizi au maradhi asisimame usiku, alikuwa akiswali mchana rakaa kumi na mbili. Hakuiacha siku ipite, na hakungoja Ramadhani nyingine. Mgonjwa na msafiri huandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya akiwa mzima na akiwa kwake, kama alivyopokea Abu Musa al-Ash'ari. Zingatia sharti lililomo: awe alikuwa akiyafanya. Ndiyo maana uradi mdogo wa kila siku una thamani kubwa, unakuandikia hata ukiwa umelazwa.

Na hata funga ina mlango. Jumatatu umeamka umechelewa, hukula daku, hukunuia usiku, lakini hujatia kitu kinywani. Katika funga ya sunna unaweza kunuia hapo hapo, mradi jua halijapinduka. Mtume aliingia nyumbani akauliza kama kuna chakula, akaambiwa hakuna, akasema basi nimefunga. Funga ya kulipa deni haina ruhusa hii, nia yake ni usiku.

Kanuni yangu kwa wanafunzi ni moja: usikose mara mbili mfululizo. Jana kurasa mbili zimekupita? Leo soma mbili za leo. Za jana zitalipwa na zile siku ishirini za akiba. Usijaribu kulipa kumi kwa mkupuo ukachoka tena.

Kalenda ya kujikagua

Wazee wetu walihesabu mwaka kuanzia Ramadhani, Mfunguo Mosi mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu na Shaabani. Itumie hesabu hiyo, inakukumbusha uko wapi.

Mfunguo Mosi ni wa sita na wa deni. Kuanzia Mfunguo Pili (au Mfunguo Tatu, kama ulianza na witri na Qur'ani tu) shika zile funga tatu za mwezi katika siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15. Mfunguo Tatu una kumi la kwanza ambalo hakuna siku amali njema inapendwa zaidi kuliko ndani yake, na funga ya Arafa tarehe 9. Mwezi huo tarehe 13 haifungwi kwa kuwa ni katika siku za tashriki, siku tatu zinazofuata Idd ya kuchinja, basi funga 14, 15 na 16. Mfunguo Nne funga tarehe 9 na 10, Tasua na Ashura. Mfunguo Sita, tarehe 12, watu wa Pwani wakiwa kwenye Maulidi, fungua msahafu wako. Kwa kurasa mbili kwa siku unatakiwa uwe ndani ya Surat Taha. Rajabu ikiandama uwe umefika ar-Rahman. Ukiwa nyuma kwa kurasa thelathini, ongeza moja kwa siku, yatosha.

Shaabani Mtume alifunga zaidi kuliko mwezi mwingine wowote nje ya Ramadhani. Malizia deni hapo kabla vunja jungu halijaanza. Na kumbuka hukumu moja ya madhehebu yetu: baada ya nusu ya Shaabani haifai kuanza kufunga sunna, isipokuwa uliunganisha na siku ya kumi na tano, au unalipa deni, au una mazoea yako, kama Jumatatu na Alhamisi. Mwenye mazoea anaendelea kufunga.